Sewahaji Alikuwa Mtu wa Bagamoyo

Ukiwa na mgonjwa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ndugu wanaokuja kumwona huuliza kwanza, "Kalazwa wapi?" Unajibu yuko wodi ya Sewahaji, au Mwaisela, au Kibasila, nao wanashika njia. Kibasila kidogo anajulikana, maana alinyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji na shule ikapewa jina lake. Lakini Sewahaji? Niliwahi kumsikia baba mmoja, mtu wa heshima zake na tai shingoni, akiwaeleza wanawe kwamba ni jina la kitongoji cha zamani cha Dar es Salaam. Sikumkatiza. Nilikuwa zamu na dripu mbili mkononi.

Sewa Haji Paroo alikuwa Mhindi wa kwetu Bagamoyo, Khoja Ismailia, mzaliwa wa mwaka 1851. Baba yake alikuwa na duka, naye akalirithi na kulikuza mpaka akawa tajiri wa kufungasha misafara. Mzungu akitaka kwenda bara, mpelelezi Stanley akiwemo, hakuwa na haja ya kuhangaika mji mzima: kwa Sewa Haji alipata wapagazi, vitambaa vya marekani, shanga, nyaya za shaba na hata watu wa kuongoza njia. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu. Mpagazi mmoja, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba kilo 30 hivi begani kwa miezi kadhaa, na njiani ndui iliwapukutisha wengi. Aliyefika pwani hai alishukuru Mungu, akatua mzigo, akapokea ujira wake, akatafuta pombe.

Nayasema haya kwa makusudi, kwa sababu siku hizi tukimtaja Sewa Haji tunamtaja kama mtakatifu. Alikuwa mkarimu, hilo halina ubishi. Lakini fedha alizotoa zilitoka kwenye mabega ya watu ambao majina yao hayapo kwenye wodi yoyote. Watalii wanaoletwa Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara hapa Bagamoyo, wanaonyeshwa ua, wanasimuliwa habari za utumwa na misafara, wanapiga picha, wanakwenda kula samaki. Ni wachache wanaoambiwa kwamba sehemu ya faida ya biashara ile ilijenga hospitali, na kwamba katika ukoo wa hospitali hiyo ndimo ilimozaliwa shule kongwe ya udaktari Tanzania.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Bagamoyo ikaanza kupwaya. Hiyo ndiyo sababu hospitali kubwa iliyogharimiwa na tajiri wa Bagamoyo haikujengwa Bagamoyo. Ilifunguliwa Dar mwaka 1897, mwaka uleule aliofariki yeye, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Ilikuwa ya Waafrika na Wahindi. Wazungu walipata yao mwaka huohuo, ile ya Ocean Road, penye upepo mzuri wa bahari. Hapa kwetu Bagamoyo Sewa Haji alitoa jengo la ghorofa kwa ajili ya shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Shule hiyo ipo mpaka leo, inaitwa Mwambao. Katika nchi iliyokuwa inagawa hata vitanda vya wagonjwa kwa rangi, sharti lile halikuwa jambo dogo.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilisomea Dar katikati ya miaka ya themanini, nikafanya kazi huko kwa muda, nikarudi nyumbani, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia wilaya hii. Kwa hiyo historia ya chuo cha udaktari mimi siijui kwa kusoma mabango ya mahafali. Naijua kwa kusimama pembeni ya kitanda wakati profesa anauliza maswali na wanafunzi wanaangalia viatu vyao.

Kitanda hicho ndicho kilichotangulia. Wanahistoria wa chuo huanza mwaka 1963, na kwa karatasi wako sahihi. Ila wakati wa Waingereza tayari walikuwepo vijana wakifundishwa udresa wa kufunga vidonda, udispensa wa kutoa dawa na uganga msaidizi ndani ya wodi, wakisafisha vidonda asubuhi na kusoma jioni. Aliyetaka udaktari kamili alivuka mpaka kwenda Makerere, Uganda, ambako masomo ya tiba yalianza mwaka 1924. Wangapi walivuka? Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Madaktari 12, nchi nzima, kutoka Bukoba mpaka Mtwara! Siku hizi raundi moja tu ya wodi inaweza kuwa na idadi hiyo ya makoti meupe, na mgonjwa katikati yao asijue amtazame nani.

Mwaka 1956 wagonjwa wa Sewa Haji walihamishiwa hospitali mpya ya Upanga, iliyopewa jina la Princess Margaret, dada wa Malkia, naye akaja mwenyewe kuifungua. Baada ya uhuru jina la binti mfalme likaondolewa, hospitali ikaitwa Muhimbili. Jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo halikuondolewa; likabaki kwenye wodi. Hapo ndipo mwaka 1963 ilipoanzishwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam. Ilikuwa shule ya Wizara ya Afya, si ya chuo kikuu, na shabaha yake ilikuwa ya haraka: kupata watu wa kutibu. Mwaka 1968 ikaingizwa chuo kikuu, ikawa kitivo cha tiba.

Majina yaliyofuata nayataja kwa haraka, maana nimeona vijana wakikariri tarehe hizi bila kuelewa lolote. Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kitivo kikapanda kuwa chuo kikuu kishiriki. Mwaka 2000 Bunge likavitenganisha tena, hospitali ikawa Hospitali ya Taifa na chuo kikasimama peke yake. Mwaka 2007 kikapata hati yake na jina la sasa, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Watu wa kawaida hawakuhangaika. Kwao kote huko ni Muhimbili.

Ila ile habari ya kuunganishwa na kutenganishwa si jambo la karatasi tu, na sisi wauguzi ndio tunaolielewa. Hospitali na chuo vikiwa kitu kimoja, daktari anayefundisha ndiye anayetibu, na anawajibika kwa bosi mmoja. Vikitenganishwa, mwalimu ni wa chuo, kitanda ni cha hospitali, mwanafunzi ni wa chuo, glavu ni za hospitali. Mambo yakienda vizuri hakuna anayeona mpaka. Glavu zikipungua, mpaka unaonekana mara moja. Nchi nyingi zimepita njia hiyo, na kila moja inasema imepata mfumo mzuri kuliko mwenzake. Mimi nasema mfumo mzuri ni ule ambao sista mkuu wa wodi na mhadhiri wanasalimiana.

Sasa nirudi Bagamoyo, maana huku ndiko nilikoona chuo kikikua.

Baada ya Azimio la Arusha, na zaidi kuanzia mwaka 1972, serikali iliamua kupeleka huduma vijijini. Zahanati na vituo vya afya vikaota, na vikahitaji watu. Daktari wa miaka mitano chuoni na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo asingeweza kutosha Kiwangwa, Miono, Lugoba na Msata kwa pamoja. Ndipo ikawekwa ngazi: mganga msaidizi wa vijijini, juu yake tabibu, juu yake daktari msaidizi, juu kabisa daktari wa shahada. Marehemu baba yangu alikuwa wa ngazi ya chini kabisa hiyo. Upande wa Kiwangwa walimwita "dokta" mpaka alipozikwa, na kwenye msiba wake daktari wa shahada aliyekuja kutoa pole akamwita hivyohivyo. Baba angefurahi.

Daktari msaidizi ndiye ninayetaka kumtetea. Alikuwa tabibu aliyekwisha fanya kazi miaka kadhaa, akarudi darasani miaka miwili, akajifunza upasuaji na uzazi. Hospitali nyingi za wilaya usiku wa manane, mama amekwama leba, aliyeshika kisu alikuwa yeye. Nimesimama upande wa pili wa meza ya upasuaji na watu hawa, mikono yao naijua. Mafunzo hayo yamesitishwa miaka ya karibuni kwa hoja kwamba sasa tuna madaktari wa shahada wa kutosha kutoka vyuoni. Hoja ina mantiki yake. Lakini walioitoa wengi wao hawajawahi kulala zamu mahali ambapo daktari wa shahada ameripoti Jumatatu na kuomba uhamisho Alhamisi.

Pamoja na hayo, sikatai kwamba Muhimbili walijaribu kulishughulikia tatizo hilo mapema, na Bagamoyo ilikuwa sehemu ya jaribio. Wanafunzi wao wamekuwa wakiletwa huku kujifunza afya ya jamii. Wanashuka na mabegi makubwa, wamezoea Dar, wanauliza mtandao unashika wapi. Wiki ya kwanza wanadhani wamekuja likizo ya baharini. Kisha wanapelekwa vijijini kuhesabu vyoo.

Kuhesabu vyoo kunafundisha kuliko wanavyodhani. Mwanafunzi anafika nyumba ya watu na karatasi yake ya maswali, anaanza, "Je, kaya yako inatumia maji kutoka chanzo gani?" Mama anamtazama. Hajamwamkia. Hajasema ametoka wapi, ni mtoto wa nani. Huku kwetu hata mdai huanza na salamu, akaulizwa habari za nyumbani, za safari, za wazee, ndipo akataja deni lake. Nilikuwa nawaambia: karatasi iacheni mkobani mpaka mkaribishwe mkeka. Mmoja, binti wa Kagera mwenye heshima sana, alikaa mkekani kwa bibi mmoja wa Kikwere upande wa Yombo tangu asubuhi mpaka jua la adhuhuri. Wenzake walirudi na kaya kadhaa kila mmoja. Yeye alirudi na moja. Lakini moja hiyo ilikuwa na habari ya watoto watatu waliofariki, kila mmoja alifariki vipi, alipelekwa wapi kwanza, na kwa nini hospitali ilikuwa ya mwisho.

Walifariki kwa degedege.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa. Mtoto ana homa, ghafla anakaza mwili, macho yanageuka, anatetemeka. Wazazi wetu waliamini si homa ya kawaida ile, ni kitu kimempitia mtoto, na kitu hicho hakitaki sindano. Akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo anafukizwa kwanza, hata kwa moshi wa kinyesi cha tembo, anaogeshwa majani, na akitulia ndipo anapelekwa hospitali. Anafika amechelewa, anachomwa sindano, anakufa. Basi, imani inathibitishwa mbele ya macho ya kila mtu: si tulisema? Ukimsikiliza bibi mpaka mwisho unaona kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwa macho yake, tena zaidi ya mara moja. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kwamba malaria ilikuwa imeshapanda kichwani kabla ya sindano.

Miaka ya tisini watafiti waliandika kuhusu degedege la Bagamoyo, na walichokiandika kiliwafikia watu wengi wa nje kuliko sisi wenyewe. Walipendekeza jambo ambalo kwa muuguzi wa kijijini lilikuwa dhahiri: usimpige vita mganga wa jadi, mfundishe amlete mtoto mapema. Nikiwa kliniki nimepokea watoto walioletwa na mganga mwenyewe, amewabeba, jasho linamtoka. Muhimbili wenyewe walikuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974, ambacho baadaye kikawa taasisi kamili ndani ya chuo. Wapo madaktari wanaokidharau kitengo hicho. Nawashauri wakalale usiku mmoja kwa mganga wa Fukayosi waone foleni yake alfajiri.

Miaka hiyohiyo ya tisini ukaja mradi wa vyandarua. Watafiti wa Muhimbili, kina Premji na Minjas, pamoja na mwenzao Shiff wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walikuja na wazo ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa: neti iliyotiwa dawa. Vijiji vya tarafa ya Yombo viliunda kamati zao, zikauza neti kwa bei nafuu, na fedha zikabaki kijijini kununua nyingine. Neti ilichovywa kwenye beseni lenye dawa, ikaanikwa kivulini, na baada ya miezi kadhaa ichovywe tena. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kununua neti watu walikubali. Kurudi kuchovya, shughuli za shamba zikiwa zimepamba moto, hawakuona haraka. Wengine walisema imefuliwa ina harufu nzuri, ya nini kuichafua tena. Kero hiyo haikuwa ya Bagamoyo peke yake, na dawa yake ilikuja baadaye kutoka viwandani: neti ambayo dawa imeshatiwa humohumo na inadumu miaka.

Mwaka 2004 ikaanza hati punguzo, mama mjamzito akija kliniki alipewa karatasi ya kwenda kununua neti dukani kwa bei ndogo. Nimeandika hati hizo mpaka kidole kikaota sugu. Katika kipindi hichohicho dawa ya malaria ya klorokwini iliondolewa, ile iliyokuwa ikiwawasha watu mwili mzima kiasi cha kuogopwa kuliko ugonjwa, ikaja dawa ya SP mwaka 2001, kisha dawa mseto. Kila badiliko lilianza na utafiti wa watu fulani mahali fulani kuonyesha dawa ya zamani imeshindwa. Mwanafunzi aliyekuja kuhesabu vyoo mwaka mmoja, mwaka mwingine unasikia yuko kamati ya wizara inayoamua dawa gani itumike. Basi ukimwona televisheni unasema, huyu nilimkaribisha muhogo.

Ifakara nao walipofungua tawi hapa, ndani ya eneo la hospitali ya wilaya, mji uliingia hatua nyingine. Ifakara ni habari ya peke yake: ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi kule Kilombero, ikawa mahali pa kufundishia waganga wasaidizi, leo ni taasisi ya Watanzania. Hapa Bagamoyo walifanya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wachanga 340, matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Baada ya hapo Bagamoyo, pamoja na Korogwe mkoani Tanga, zikaingia katika jaribio kubwa la nchi 7 za Afrika, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha chanjo hiyo. Ya pili, R21, nayo ilijaribiwa hapa, ikapitishwa mwaka 2023. Na mwaka 2012 vijana wa vyuo vya Dar es Salaam walijitolea kuchomwa vimelea hai vya malaria, kwa uangalizi, ili ijulikane mwili unavyopambana navyo. Mjini maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema wanauzwa damu. Shoga yangu mmoja alikataa mjukuu wake kuandikishwa kwenye chanjo, kisha jirani yake alipoandikisha wake na kuona mtoto anafuatiliwa nyumbani, anapimwa, akiumwa gari linakuja, akaja kwangu kunong'ona kama nafasi bado zipo.

Sasa linganisha na wale madaktari 12. Kwa miaka mingi shule ya udaktari ilikuwa moja tu, Muhimbili. Ilipofika mwaka 1997 Profesa Hubert Kairuki alikuwa ameanzisha chuo chake Mikocheni, na KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro, nayo ikapata chuo cha tiba. Mwaka 2003 Bugando, Mwanza. Dodoma ikafuata, Mbeya ikafuata, Zanzibar wakasomesha madaktari wao kwa msaada wa Wacuba. Muhimbili yenyewe ilipewa ekari 3,800 Mloganzila, ikajengwa hospitali kwa mkopo wa Korea Kusini, na sasa inajenga kampasi Kigoma. Kigoma! Karibu na Ujiji, ambako wapagazi wa Sewa Haji walikuwa wakianzia safari ya kurudi pwani na pembe zao. Njia ya kati ya misafara bado inafanya kazi, mzigo ndio umegeuka.

Nafurahi, na pia nina wasiwasi, na wasiwasi wangu uko kitandani. Mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi sita, kila mmoja anagusa tumbo la mgonjwa, anasikiliza, anakosea, anarekebishwa. Wakiwa thelathini, wa mbele wanasikia, wa kati wanaandika, wa nyuma wanatazama simu. Mgonjwa naye ana haki ya kuchoka. Niliwahi kumwona mzee mmoja, mwenye bandama lililovimba vizuri sana kwa mafundisho, akivuta shuka mpaka shingoni na kusema, "Wajukuu zangu, leo limefungwa." Walicheka, lakini hawakuligusa. Kama hospitali za wilaya zingetumika vizuri kufundishia, badala ya kila mtu kubanana Upanga, wanafunzi wangepata matumbo ya kutosha na wazee wangepumzika.

Jambo la kunifurahisha bila wasiwasi ni wasichana. Nilipokuwa mwanafunzi, daktari mwanamke akiingia wodini ndugu wa mgonjwa walimwambia, "Sista, mwite dokta." Naye alikuwa amezoea, anajibu "haya," anatoka, anarudi na faili, anaendelea na kazi. Sasa hivi kwenye makundi yanayoletwa huku wasichana si wa kutafuta kwa tochi, na bibi wa Yombo ndiye anayewataka, maana kuna mambo hawezi kumwambia mvulana wa miaka ishirini na mbili hata awe profesa.

Kisha kuna hili la ajira. Mpwa wangu alisoma udaktari, akapambana, akasapu, yaani akarudia mtihani wa somo moja mwaka wa kwanza, hofu ya kudisko, kufukuzwa chuo, ikamkondesha, bumu, fedha yake ya kujikimu, likichelewa ananipigia simu: "Shikamoo shangazi, hali si nzuri huku." Namtumia elfu kumi au ishirini. Akamaliza, akafanya mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo, akapata leseni. Tangu hapo anasubiri. Nchi bado ina upungufu wa madaktari, zahanati zinafungwa mchana kwa sababu mhudumu amekwenda semina, na wakati huohuo vijana wenye leseni wanajitolea ili mikono isipoe, au wanauza bima, au wanafungua duka la dawa. Si suala la chuo. Chuo kimefanya kazi yake. Fungu la mishahara halikukua kwa kasi ya kumbi za mihadhara.

Yeye anajitolea kituo kimoja barabara ya kwenda Dar, nauli anajilipia mwenyewe. Ananiambia wagonjwa ni wengi na anajifunza, na kwamba wauguzi wa pale wanamsumbua. Nikamwuliza wanamsumbuaje. Akasema wanamrudishia faili kila wakiona kipimo cha dawa hakijakaa sawa. Nikamwambia awanunulie soda.

Wiki hii amekuja na ombi jingine. Wenzake watatu wa darasa lake nao wanataka kuja kujitolea huku, mmoja ni msichana, hivyo wanahitaji vyumba viwili vya bei nafuu Majengo, penye maji. Nimeshazungumza na mwenye nyumba mmoja ninayemfahamu tangu utoto. Vyumba anavyo, maji yapo. Ila madaktari au si madaktari, anataka kodi ya miezi sita mbele, na mpaka leo asubuhi alikuwa hajapunguza hata senti.